Degedege, mshipa, safura: tunayaoanishaje na ICD-10 na SNOMED CT?

Rejista_Pwani
Habari za kazi, wakuu. Vituo vyetu vitatu vya afya vinatumia OpenMRS (mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa), na tunaoanisha majina yaliyomo kwenye rejista za wagonjwa wa nje na misimbo ya ICD-10 (orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa) na SNOMED CT (istilahi za kitabibu za kimataifa, kila moja na kitambulisho chake cha namba). Surua, pumu na tetekuwanga hayana ubishi. Tumekwama kwenye degedege, mshipa na safura, maana kila tabibu huyatumia kivyake. Mwenzetu amependekeza degedege iwe B50.0, yaani malaria ya ubongo. Ni sawa? Na mnagawanaje kazi ili tusikinzane?

Tabibu_Takwimu
B50.0 hapana kabisa. Degedege ni kile mama anachokiona: mtoto anakakamaa, macho yanapinduka, viungo vinatetemeka. Chanzo chaweza kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka au homa tupu. Ukiweka B50.0 umeripoti vimelea ambavyo hakuna aliyevipima, na takwimu za malaria kali za wilaya zinapanda bila ushahidi. Iingizeni kama dalili: R56.8, au R56.0 pale tu tabibu alipoandika kwamba imeletwa na homa. Kipimo kikionesha malaria, hiyo iandikwe kwenye mstari wake.

Mshipa msiupe msimbo hata mmoja. Chini ya jina hilo kuna ngiri ya kinena (K40) na busha (N43), na matibabu ni tofauti. Kwenye fomu mpya lifuteni, mweke machaguo hayo mawili. Rekodi za zamani ziacheni na alama "haijaamuliwa" hadi tabibu asome maelezo ya mgonjwa. Kubahatisha hapa ni kumdhulumu mgonjwa.

Safura: kama kilichokusudiwa ni upungufu wa damu usio na chanzo kilichothibitishwa, D64.9. Mayai ya minyoo ya safura yakionekana kwenye choo, ongezeni B76.9.

Msimbo_Mmoja
Kuhusu mgawanyo wa kazi: kila jina lipitiwe na watu wawili bila kuoneshana majibu. Wakitofautiana, tabibu wa tatu anaamua na kuandika sababu. Safu hiyo ya sababu msiiruke, kwa kuwa mwakani atakuja mtu mpya na kufufua mjadala uleule. Anzeni na majina yanayojirudia zaidi rejistani.

Kabla ya kuunda dhana mpya (yaani ingizo la ugonjwa au dalili kwenye OpenMRS), tafuteni kwanza kwenye CIEL, kamusi ya dhana zilizo tayari kwa OpenMRS, kupitia tovuti ya Open Concept Lab. Nyingi zipo tayari zikiwa na misimbo yake. Maana ikilingana kabisa, ongezeni tu jina la Kiswahili kwenye dhana iliyopo. Dhana yenu ikiwa finyu kuliko msimbo, tumieni NARROWER-THAN. Ikiwa pana, BROADER-THAN. Timu nyingi hubandika SAME-AS (maana ileile) kila mahali, na baadaye hakuna anayejua ni uoanisho upi wa kuaminiwa.

Tahadhari moja ya Excel: huhifadhi tarakimu 15 tu, ilhali kitambulisho cha SNOMED CT chaweza kufika 18. Zinazozidi hugeuzwa sifuri kimyakimya. Fanyeni safu kuwa maandishi KABLA ya kubandika, kwani baada ya hapo zilizopotea hazirudi. Tarakimu ya mwisho ya kitambulisho ni ya ukaguzi (hukokotolewa kutokana na zile nyingine), kwa hiyo programu ndogo itawabainishia vilivyoharibika.

Rejista_Pwani
Ahsanteni sana. Degedege ya mtoto wa siku kumi nayo ni R56.8?

Tabibu_Takwimu
Hapana, mtoto mchanga wa chini ya siku 28 ni P90. Na kama alikuwa ananyonya vizuri, kisha akashindwa kunyonya na kukakamaa, tabibu afikirie pepopunda ya watoto wachanga, A33. Wekeni kanuni ya umri ndani ya fomu yenyewe, msimwachie mwingizaji data aikumbuke.