India ilifunguliwa mlango, Pakistan ikafungiwa: haki iko wapi kwenye nyuklia ya umeme?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Jana kijiweni tulibishana jambo hili mpaka muuza kahawa akafunga birika lake akaondoka. Nalileta kwenu.

Nchi mbili jirani. Zote zina bomu, na zote zimekataa kusaini NPT, ule mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Moja inaruhusiwa kununua urani na vinu vya umeme sokoni. Nyingine inaambiwa isubiri. Inasubiri nini?

Kwa asiyefuatilia: mwaka 1956 Kanada ilikubali kuipa India kinu cha utafiti kiitwacho CIRUS, na Marekani ikatoa maji mazito ya kukiendesha. Sharti lilikuwa kitumike kwa amani. Mei 18, 1974 India ikalipua chombo chake cha kwanza Pokhran, kwenye jangwa la Rajasthan, kwa plutoniamu iliyotoka kwenye kinu hichohicho, kisha ikautangazia ulimwengu kwamba ule ulikuwa mlipuko wa amani. Mlipuko wa amani! Wauzaji wa teknolojia hii wakashtuka, mwaka uliofuata wakakutana London, na hapo likazaliwa kundi linaloitwa NSG, ambalo ndilo linaloamua nani auziwe nini. Kwa maneno mengine, klabu yenyewe ilianzishwa kwa sababu ya India.

Na Pakistan? Wakati huo ilikuwa haijalipua kitu. Kanada ndiyo iliyokuwa imeijengea kinu cha Karachi, megawati 137. Mwaka 1976 ikakata mafuta na vipuri. Wahandisi wa pale wakabaki na kinu kinachotaka kula kila siku na ghala tupu, mpaka wakajifunza kutengeneza mafuta yake wenyewe. Kosa la mmoja, viboko mtaa mzima.

Sasa ruka hadi Septemba 6, 2008, Vienna. Klabu ileile, wanachama 45 wakati huo, uamuzi lazima upite kwa kauli moja. Marekani ikasukuma weee mpaka India ikapewa msamaha: iuziwe bila kusaini NPT. Kwa upande wake India ilikubali kuweka vinu 14 kati ya 22 chini ya wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki. Vinane vikabaki nje ya macho yao. Pakistan ikataka nayo ipewe hivyohivyo, lakini jibu ilikuwa imeshalipata: Machi 2006 Rais Bush, akiwa Islamabad, alisema Pakistan na India ni nchi tofauti, zenye mahitaji tofauti na historia tofauti.

Msimamo wangu ni huu. Sina ugomvi na Mhindi kupata umeme. Ninachokataa ni msamaha ulioandikwa jina la mtu badala ya sifa za mtu. Wangesema: nchi isiyosaini ikitimiza moja, mbili, tatu, inaruhusiwa. Hapo kila mmoja angejua anapimiwa kwa pishi gani. Karibuni, bila matusi.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeruka kitu makusudi. Hiyo historia tofauti ina jina: Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa nyuklia wa Pakistan. Februari 4, 2004 alitokea kwenye runinga ya taifa lake na kukiri, tena kwa Kiingereza, si Kiurdu, ili wanaotakiwa kusikia wasikie. Ujuzi na mitambo ya kurutubisha urani vilifika Libya, Iran na Korea Kaskazini. Kesho yake Rais Musharraf akamsamehe. India ilivunja ahadi 1974, sikatai. Lakini haikutembeza ramani za bomu mlango kwa mlango. Wewe ungekuwa na duka la baruti ungewauzia wote wawili sawasawa?

Mchangiaji wa pili:

Mnabishana kana kwamba Pakistan inalala gizani. China imejenga vinu vinne Chashma, kando ya mto Indus, cha kwanza kikaanza kazi 2000 na cha nne 2017. Karachi ikaongeza viwili vikubwa, kila kimoja kama megawati 1,100, vilivyoanza kutoa umeme 2021 na 2022. China iliingia NSG mwaka 2004, na ilipoulizwa kuhusu vinu vipya vya Chashma ikajibu kwamba ahadi ile ni ya kabla haijajiunga. Na vinu hivyo vya umeme vyote vinakaguliwa na IAEA.

Upande wa pili, India ilipata msamaha wa Marekani lakini haijapata kinu hata kimoja cha Kimarekani kutokana nao. Vya Kudankulam ni vya Mrusi, kwa makubaliano ya 1988. Mmarekani alikwama kwenye sheria ya fidia ya India ya 2010, iliyoruhusu hata aliyeuza mtambo kudaiwa ajali ikitokea, mpaka ilipofutwa 2025. Msiwalaumu Wahindi kwa hilo. Wanakumbuka Bhopal, 1984, gesi ya kiwanda ilivyoua maelfu usingizini.

India ilichovuna ni urani. Kabla ya 2008 vinu vyake vilikuwa vinaendeshwa chini ya uwezo kwa uhaba wa mafuta. Baadaye urani ikaanza kuingia kutoka Kazakhstan, Urusi, na Kanada (ndiyo, Kanada ileile). Na hapa ndipo Islamabad inapoumia. Urani ya kununua ikiwasha taa za Mumbai, ile ya kuchimba nyumbani inabaki huru kwa vile vinu vinane visivyokaguliwa. Kwa hiyo wakisema wanadai umeme, sikiliza vizuri: wanahesabu mabomu ya jirani.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi niko Kilifi. Huku serikali ilitaka kutuletea kinu Uyombo, watu wakaandamana 2024, kwa hiyo mambo haya tumeyasoma kwa lazima. Ninachouliza ni kimoja: mbona hamzungumzii sisi tuliosaini? Kenya imesaini, Tanzania imesaini. Siku tukijenga, kila gramu itahesabiwa. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita, ikayavunja, ikasaini 1991, na ndiyo nchi pekee ya Afrika yenye kiti NSG. Namibia na Niger wanachimba urani miaka nenda rudi na kiti hawana. Halafu nyinyi mnagombania ni yupi kati ya wawili waliokataa kusaini anayeonewa zaidi!

Mleta mada:

Wa kwanza, nakubali, Khan ni doa. Ndiyo maana nataka masharti yaandikwe. Pakistan ilitunga sheria ya kudhibiti mauzo ya nje mwaka huohuo wa 2004. Kama haitoshi, itajwe kinachotosha. Mei 2016 nchi zote mbili ziliomba uanachama NSG, zikipishana wiki moja tu. Wajumbe walipokutana Seoul mwezi Juni, China ikasimama kidete: anayetaka kuingia asaini NPT kwanza. Huyuhuyu wa Chashma! Basi Mmarekani ana mtu wake, Mchina ana mtu wake, na kanuni inatolewa kabatini pale tu inapomfaa mwenye funguo.

Wa pili, hesabu yako ya urani nimeielewa, na inanipunguzia huruma kwa wote wawili.

Dada au kaka wa Kilifi, umenibana. Kwa upande wenu sina utetezi. Sharti la kwanza la haki lingekuwa asiyesaini asipate kilicho bora kuliko aliyesaini, na 2008 ilifanya kinyume.

Ila niongeze hili, maana watu hudhani hawa wawili hawawezi kukubaliana lolote. Desemba 31, 1988 walisaini kwamba hakuna atakayeshambulia mitambo ya nyuklia ya mwenzake. Tangu 1992, kila Januari 1 maofisa wao hubadilishana orodha za mitambo hiyo, siku moja, Delhi na Islamabad. Walipigana Kargil 1999, orodha zikaendelea. Ndege zikaangushwa 2019, orodha zikaendelea. Hapo hakuna Marekani wala China, na sharti ni lilelile kwa wote wawili.

Mchangiaji wa kwanza:

Na hizo orodha zinatangazwa tuzisome?

Mleta mada:

Hapana, mkuu. Zinatangazwa kuwa zimebadilishwa, basi. Kilichomo wanakijua wao wawili.