Injini ndogo ya mvuke inakaba: drili, upepo au kuifungua upya?

FundiNyakato
Wakuu, nimemaliza injini ya mvuke ya boti ya mfano. Silinda moja ya shaba, ile inayobembea, pistoni ya chuma mm 16. Nikizungusha kwa mkono inakaba mahali pamoja, pistoni ikikaribia juu. Nikiipa upepo inapiga mara tatu nne, inazima. Niizungushe kwa drili na oili mpaka ilegee, nipake grainding pesti (ile dawa nzito yenye chembe za kusagia chuma), au niisukume tu kwa kompresa? Ni kazi ya miezi miwili, naogopa kuiua.

BahariaIgogo
Drili mkuu, polepole, robo saa. Oili ikitoka nyeusi futa, weka nyingine. Weusi huo ni chuma kinachosagika. Ikianza kutoka safi umemaliza. Pesti usiiguse! Chembe zake zinajichimbia kwenye shaba, na hata uoshe kwa mafuta ya taa zinabaki humo zikila pistoni.

DadaMkereza
Kwenye pesti tuko pamoja, kaka Baharia. Kwenye drili nakataa. Injini inayobana sawasawa mzunguko mzima, hiyo izoeze kwa drili. Inayokaba mahali pamoja kuna kitu kimekaa upande, na drili itapita hapo kwa ubabe tu. Tundu la bushi (pete inayoshika ekseli) litalika liwe umbo la yai, upate injini laini inayogonga.

Fundi, kwanza paka wino wa maka pen kwenye kichwa cha pistoni, zungusha, fungua. Wino ukifutika, pistoni inagusa kifuniko. Usipofutika, legeza nati zote za fremu, uzungushe kwa vidole. Ikipita, kaza moja, zungusha. Kaza ya pili, zungusha. Nati itakayorudisha kukaba ndiyo yenye kesi.

Nyegezi_72
Nakubaliana na dada. Ikishalegea, ndipo upepo. Kompresa ya gereji bila regyuleta (kipunguza presha) ni kali mno kwa kitu kidogo hivyo. Mimi natumia tairi ya akiba ya gari: psi 30, mpira mwembamba na koki, nafungua kidogo tu. Upepo ni mkavu, kwa hiyo kila baada ya dakika chache tone la oili kwenye bomba.

Na boila tafadhali, usitumie kopo. Tafuta bomba la shaba nyekundu, lichomelewe kwa silva (waya wa kuungia wenye madini ya fedha), liwe na valvu ya usalama. Mvuke ukikosa pa kutokea unaua.

FundiNyakato
Nimerudi. Wino haukufutika. Nati ya tatu, miguu ya krenki (ekseli inayozungushwa na pistoni)! Fremu ilikuwa imeinama upande huo. Nimekata kipande cha kopo la soda, chembamba kama karatasi, nikakitia chini ya mguu, nikakaza. Kukaba kwisha. Kwa tairi imezunguka dakika nne mfululizo, na sasa hata nikipuliza kwa mdomo inaenda. Dada, wabeja sana.

BahariaIgogo
Hapo umenifunza na mimi. Siku ya mvuke ipashe moto kwanza: silinda ikiwa baridi mvuke unageuka maji, inasita. Zungusha kwa mkono hadi maji yatoke. Halafu tuite ufukweni asubuhi, kabla ziwa halijachafuka.