Skrini ya kwanza ya afisa mauzo: ubao wa kadi, orodha yenye paneli, au foleni ya kazi?

Uyole_Dizaini
Wakuu, heshima kwenu. Nachora mfumo wa mauzo na kumbukumbu za wateja kwa msambazaji wa pembejeo hapa Mbeya. Wateja wake ni maduka: Mwanjelwa, Mbalizi, Tukuyu, Vwawa, Ubaruku, mpaka Makambako. Wauzaji wako makundi mawili. Wa ofisini wana kompyuta, na simu haibanduki sikioni. Wa barabarani kila kitu wanafanyia kwenye Android za kawaida, na wakiteremka Usangu mtandao ni wa kubahatisha.

Kinachonisumbua ni ile skrini ambayo afisa mauzo atashinda nayo kutwa. Nimepitia mifumo iliyopo, naona njia tatu.

Ubao wa kadi: kila hatua ni safu, kila dili ni kadi, unaiburuta kwenda safu inayofuata. Pipedrive ya Estonia, iliyoanza 2010, imejengwa juu ya wazo hilo, na ukifungua sehemu ya mauzo ya Odoo ya Wabelgiji unapokelewa na ubao huohuo.

Orodha yenye paneli: majina kushoto, ukigusa moja taarifa zinafunguka kulia bila orodha kuondoka. Salesforce wanayo kwenye programu zao za konsoli (za mtu anayeshughulikia wateja wengi kwenye skrini moja), na unaweza kuacha vichupo (tab) vya wateja kadhaa wazi kwa pamoja.

Foleni ya kazi: mfumo wenyewe unamwambia afisa "mpigie huyu", akimaliza unamletea mwingine. Dynamics 365 ya Microsoft ina orodha ya kazi ya namna hiyo kwa wauzaji.

Mimi naegemea ubao kwa sababu unaeleweka bila mafunzo. Mnasemaje?

MbaoMafinga
Kijana, ubao ni mzuri, lakini kwa nani? Sisi huku Mafinga tunauza mbao na nguzo. Dili moja la nguzo linaweza kukaa miezi: zabuni, sampuli, bei, mkataba, malipo ya awali. Dili zangu zilizo hai zinaenea kwenye skrini moja, nikitupa jicho najua ipi imekwama. Pipedrive inakuruhusu kupanga idadi ya siku, dili ikikaa bila kuguswa zaidi ya hapo kadi inageuka nyekundu. Kwa biashara yangu hicho kitu kinatosha kabisa.

Wewe unauza mbolea na mbegu. Mvua zikikaribia, Novemba kwenda Desemba, duka moja linaagiza DAP (mbolea ya kupandia) na mbegu, baadaye kidogo dawa, mahindi yakisimama linataka UREA (ya kukuzia). Oda ndogondogo, nyingi, tena kwa mpigo. Safu ya "profoma imetumwa", yaani ankara ya bei kabla ya mauzo, itarefuka mpaka mtu achoke kushuka nayo. Ubao usioonekana wote kwa jicho moja ni orodha tu, tena iliyokaa vibaya.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Ubao wa namna hii chimbuko lake ni viwanda vya Toyota kule Japani, kadi inafuata kazi mpaka kazi iishe. Duka la Tukuyu haliishi. Likinunua leo unataka lirudi mwezi ujao. Oda ina hatua, mteja hana. Ukichora skrini ambayo kadi ikifika safu ya mwisho inatoweka, utakuwa unawafundisha vijana wako kumsahau mteja siku ileile aliyolipa.

Uyole_Dizaini
Mzee, shikamoo. Hapo kwenye "oda ina hatua, mteja hana" umenisimamisha. Wengine?

Binti_Makambako
Mimi si mchoraji, mimi ni muuzaji wa barabarani, kwa hiyo nitasema ya barabarani.

La kwanza, kuburuta kadi kwenye simu usilete. Mkono mmoja umeshika daftari au begi la sampuli, kidole gumba ndicho kinafanya kazi. Kadi inadondokea safu isiyo yake, na meneja anaona "mzigo umetoka" wakati mteja hata hajakubali bei. Na huku kwetu mwezi wa Juni na Julai asubuhi vidole vyenyewe havikunjiki kwa baridi. Weka kitufe kimoja kikubwa chini ya skrini, "Peleka hatua inayofuata", na kingine kidogo cha kurudisha.

La pili, kutafuta. Mimi duka silijui kwa jina lililo kwenye leseni. Nalijua kama "pale stendi, mlango wa kijani". Nipe sehemu ya kuandika jina linalotumika mtaani, na nikitafuta litokee. Namba za simu ndiyo kasheshe kubwa: mmoja kaandika 07, mwingine +255, mwingine kaacha nafasi katikati, mfumo unaona ni watu watatu. Na mteja mmoja ana laini mbili, ya Voda na ya Airtel, halafu pesa inatumwa kwa M-Pesa kutoka laini ya shemeji yake. Ukurasa wa mteja uwe na nafasi ya "namba nyingine zinazolipia duka hili". Bila hiyo mhasibu atanipigia mimi kila siku kuuliza huyu aliyelipa ni nani.

Ubao, orodha, foleni, mimi yoyote sawa, ilimradi nikishuka kwenye bodaboda nione kwa haraka: hili duka linadaiwa kiasi gani, lilinunua nini mara ya mwisho, na tuliahidiana nini.

Kihesa_Kodi
Dada hapo juu kaeleza mahitaji vizuri kuliko nyaraka nyingi nilizowahi kupewa na wateja hapa Iringa.

Hilo la kuburuta si maoni yake peke yake. Toleo la 2.2 la WCAG, miongozo ya ufikivu ya wavuti iliyotoka Oktoba 2023, linataka kila kinachofanywa kwa kuburuta kiwe na njia mbadala ya kugusa tu. Kwa Android, Google wanapendekeza eneo la kugusa lisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini za Android), ambayo ni kama milimita 9 kwenye kioo. Pima vitufe vyako, utashangaa vingapi havifiki.

Sasa nirudi kwenye swali. Mimi nasema umeuliza kana kwamba skrini ni moja. Una kazi mbili tofauti hapo. Wa ofisini anapigiwa simu bila taarifa: katikati ya maelezo ya duka la Vwawa, linaingia la Mbalizi. Huyo anahitaji paneli na vichupo, ili amwache wa Vwawa wazi, amhudumie wa Mbalizi, kisha arudi pale alipoachia. Wa barabarani yeye ndiye anayeamua aende wapi. Huyo foleni inamfaa. Salesforce wanaruhusu ukurasa mmoja wa taarifa uwe na sura tofauti kulingana na programu na wadhifa wa mtumiaji. Zoho CRM nao wana Canvas, sehemu ya kupanga upya ukurasa wa taarifa kwa kuvuta vipande bila kuandika kodi, yaani lugha ya programu. Maana yake hata wakubwa wameshaacha kutafuta skrini moja ya watu wote.

Kuhusu kasi: Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 1993 mipaka ambayo bado tunaitumia. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1 mtu anaona ni yeye mwenyewe kafanya, likizidi sekunde 1 mawazo yanakatika, likifika 10 ameshahamia kitu kingine. Sasa ukiwa Ubaruku na seva iko Ulaya, sekunde 1 utaisikia kwenye bomba. Kwa hiyo afisa akibonyeza "Hifadhi", taarifa ibaki kwanza ndani ya simu, skrini iendelee, na kutuma kufanyike nyuma ya pazia mtandao ukirudi. Ila mwonyeshe wazi kipi kimefika na kipi kinasubiri, kwa maneno, si kialama cha wingu ambacho hakuna anayekielewa. Na amua mapema: afisa na mtu wa ofisini wakibadilisha oda ileile kwa wakati mmoja, ya nani inashinda? Hilo wachoraji mnapenda kutuachia sisi wa kodi, halafu lawama zinakuja kwetu.

Soweto_Mbeya
Bosi atataka dashibodi ya chati ndiyo iwe ya kwanza. Naweka dau.

Uyole_Dizaini
@Soweto_Mbeya ameshaitaka, na mduara wa rangi saba juu yake.

MbaoMafinga
Mpe ukurasa wake mwenyewe wa meneja, aangalie chati mpaka atosheke. Muuzaji chati haimsaidii. Akijua mauzo ya kanda yameshuka asilimia fulani, anafanya nini na habari hiyo saa tatu asubuhi?

Muuzaji_Tukuyu
Niwe tofauti kidogo na wanaoisifia foleni. Nimewahi kutumia mfumo wenye foleni, jina nalihifadhi. Ulikuwa unanipa duka la Kyela, kisha la juu Rungwe, kisha tena Kyela. Haukujua mlima wala haukujua gulio. Na huwezi kuruka mtu bila kuonekana mvivu kwenye ripoti. Ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa anabonyeza "nimekamilisha" ili foleni isogee, tunaenda tunakojua wenyewe. Mfumo unajaa taarifa ambazo mezani zinapendeza lakini hazina ukweli wowote.

Muuzaji mzoefu ana ramani kichwani. Ukimnyang'anya, anakupa takwimu za uongo. Mimi bora orodha, nijipangie.

Binti_Makambako
Kaka, hapo nakuunga mkono, lakini ubaya ni wa ile foleni, si wa foleni zote. Ikiniambia kwa nini imemweka huyu juu, nitaisikiliza. Kwa mfano: "profoma yake inaisha kesho", "hajaagiza tangu Septemba na mwaka jana muda huu alishachukua". Ikiniletea jina tupu, naipuuza kama wewe.

Kihesa_Kodi
Hilo nalichukua na kuongeza: ruhusu kuruka, na sababu za kuruka ziwe vitufe, si fomu. "Njia mbaya", "Nitapita siku ya gulio", "Mwenye duka hayupo". Sababu hizo baadaye ndizo zitakazoifundisha foleni mpangilio. Na muuzaji awe na uwezo wa kupanga foleni kwa eneo, achague "leo niko upande wa Kyela" na majina ya upande mwingine yajifiche.

Kama hamna bajeti ya kujenga haya kutoka chini, toleo la jamii la Odoo ni huria na lina sehemu ya mauzo. Kila rekodi inaweza kubeba kazi yenye tarehe: nyekundu imepita, njano ni ya leo, kijani bado. Taarifa zilezile unaziona kama ubao, orodha, kalenda au jedwali la kazi, kila mtu anachagua. Ila kwenye simu usitegemee rangi peke yake. Jua la saa saba linazimeza zote, na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Andika "Imepita siku 3" palepale, na tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli isiwe chini ya 4.5 kwa 1.

Mhasibu_Gangilonga
Nimepita tu. Angalieni sehemu ya "maoni kuhusu mteja". Nimeona watu wanaandika humo "anaumwa", "ana kesi na mumewe". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na habari za afya ni taarifa nyeti. Punguzeni maandishi huru, wekeni machaguo.

Uyole_Dizaini
Asanteni sana wakuu. Nimerudi kwenye karatasi, hiki ndicho nitakachopeleka kwa mteja.

Ofisini: orodha yenye paneli. Juu kabisa ya paneli mstari mmoja usioondoka hata ukishuka: deni, oda ya mwisho, ahadi ya mwisho. Vichupo vya wateja vinabaki wazi. Hatua za oda zinaonekana ndani ya oda yenyewe, na mteja hana hatua.

Kwenye simu: foleni inayopangika kwa eneo, kila jina na sababu yake, kuruka ruksa. Utafutaji kwa jina la mtaani na namba yoyote inayolipia duka. Namba zote mfumo unazigeuza kuwa za muundo mmoja zinapoingia.

Ubao haufi. Nauacha kwa zabuni na oda kubwa za vyama vya ushirika vya kahawa kule Mbozi, maana hizo ni chache, zina hatua na zina mwisho, kama alivyosema Mzee wa Mafinga. Bosi atapata mduara wake kwenye ukurasa wa meneja.

Binti_Makambako
Umesahau kitu kimoja. Nikipiga simu mteja asipopokea, ninabonyeza nini? Kwenye mifumo mingi nalazimika kuandika maelezo kana kwamba tumeongea.

Uyole_Dizaini
Dada, naweka "Hakupokea" peke yake, mguso mmoja, na jina linarudi kwenye foleni jioni. Asipopokea mara ya tatu linahamia kwenye orodha ya "pita dukani".

Binti_Makambako
Jioni hapana, wanafunga hesabu. Asubuhi kabla ya saa nne.