Jaji kuonekana kwenye kwanjula ya upande wa pili, hiyo tunaipeleka wapi?

Mtoto_wa_Malaba
Habari zenu wote. Naomba anayejua sheria anisaidie, pole nimeshapewa za kutosha. Mzee wetu ana kesi ya ardhi High Court, sitaji ni ya wapi, mashahidi walimalizika mwaka jana mapema kabisa halafu kimya, tukienda tunaambiwa hukumu bado inaandikwa, mara faili iko kwa jaji, mara jaji yuko semina. Wiki hii imetoka, tumeshindwa. Sawa, kushindwa ni sehemu ya kesi. Sasa dada yetu mmoja anapiga picha kwenye masherehe, akatuonyesha picha za kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya binti kumtambulisha mchumba kwao, ya mtoto wa yule mtu tunayeshtakiana naye, jaji wetu huyo hapo meza ya mbele, kanzu na koti, kakaa bega kwa bega na mwenyewe na sahani ya matoke katikati yao wanacheka. Na kwanjula ilikuwa kesi bado haijaamuliwa. Je majaji wa Uganda wana sheria za maadili au ni sisi tu raia? Na nikitaka kulalamika naenda kwa nani, maana wakili wetu ananiambia nitulie.

Bombo_Boy
Utalalamika kwa jaji mwenzake banange. Hawa watu hawagusiki. Hebu angalia Lydia Mugambe, alikuwa jaji wa High Court hapa hapa kwetu na jaji wa UN juu yake, ilibidi Waingereza ndio wamshughulikie, Machi 2025 mahakama ya Oxford ikamtia hatiani kwa kumfanyisha binti wa Kiuganda kazi kwa lazima, Mei akafungwa miaka 6 na miezi 4. Na polisi walipofika nyumbani kwake kitu cha kwanza ni kusema ana kinga! Hapa nyumbani ungesikia nini?

Karani_Mstaafu
Bombo, ile kinga UN yenyewe iliiondoa ndiyo kesi ikaenda. Na kinga ya jaji kwenye katiba yetu, kifungu 128, ni ya kazi ya kuhukumu tu, yaani huwezi kumshtaki jaji kwa sababu hukumu yake imekuumiza. Haimfuniki akiwa nyumbani kwake wala akiwa kwenye kwanjula.

Mtoto wa Malaba, nimekaa masijala za mahakama miaka mingi kwa hiyo nisikilize. Kanuni zipo, zinaitwa Uganda Code of Judicial Conduct, za 2003. Zinasema jaji ajitoe kwenye kesi yoyote ambayo mtu mwenye akili timamu akiangalia atatilia shaka kama anaweza kutenda haki. Si lazima uthibitishe alikula hongo, hapo ndipo watu wengi wanajichanganya. Angalau angefungua mdomo mahakamani aseme jamani mimi na huyu bwana tunafahamiana, mawakili wenu semeni kama mna pingamizi. Na kuchelewa nako kumo, jaji akishamaliza kusikiliza kesi, hukumu itoke ndani ya siku 60 isipokuwa kuna sababu nzuri. Nyinyi mmekaa zaidi ya mwaka.

Malalamiko yanakwenda Tume ya Huduma za Mahakama, ile JSC, katiba imeipa kazi ya kupokea malalamiko ya wananchi juu ya mahakama. Nakala peleka kwa Principal Judge manake yeye ndiye mkuu wa High Court. Lakini shika hili kabla ya yote: tume haiwezi kukurudishia shamba. Hata jaji akifukuzwa kesho hukumu inabaki pale pale mpaka Court of Appeal iiguse, na notisi ya rufaa ni siku 14 tu tangu uamuzi. Watu wanakimbilia kuandika barua ya hasira kurasa nane, siku 14 zinapita, ndio basi tena.

Nyakato_K
Mzee Karani umesema vizuri ila mwambie na ile sehemu chungu. Hakimu wa chini tume inaweza kumfukuza yenyewe. Jaji wa High Court hapana. Kifungu 144, lazima tume au baraza la mawaziri wamshauri rais aunde jopo la watu 3, jopo lichunguze, likisema aondoke ndio rais anamuondoa, na sababu ziwe ugonjwa, utovu wa nidhamu au kushindwa kazi. Najua waliweka ugumu huo makusudi, nchi ambayo Amin alimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka 1972 ofisini kwake na hakuonekana tena haiwezi kuacha majaji wafukuzwe kirahisi, naelewa kabisa. Lakini matokeo yake ni kwamba kati ya kuonywa na kufukuzwa hakuna kitu cha maana raia anachokiona, tume ikimuonya jaji kimya kimya wewe wa Malaba utajuaje? Utakaa unafikiri barua yako imeliwa na panya.

Busia_Line
Kenya ni jirani tu hapa na wao walimtoa Naibu Jaji Mkuu kwa sababu ya kumfinya pua mlinzi wa kike wa Village Market, jumba la maduka Nairobi, huyo jaji ni Nancy Baraza, tukio la Desemba 2011, jopo likasema hafai na Oktoba 2012 akajiuzulu. Kwao kesi hiyo watu waliifuata kama mpira.

Bombo_Boy
Basi amwage picha tiktok, dunia ione.

Karani_Mstaafu
Wee! Asithubutu. 2025 hiyo hiyo jaji wa High Court alimhukumu Isaac Ssemakadde miaka 2 kwa kudharau mahakama, na huyo wakati huo alikuwa rais wa Uganda Law Society, chama cha mawakili, sembuse sisi. Picha iende kwa tume na kwa wakili, si kwa wajomba wa WhatsApp.

Nyakato_K
Na kwenye barua usiseme jaji kala pesa kama hukuona pesa. Sema ulichokiona. Mambo ya mali zake yana njia yake, majaji nao wanatangaza mali kwa IGG, yule mkaguzi mkuu wa serikali.

Mtoto_wa_Malaba
Asanteni sana. Nimempigia wakili nikamuuliza kuhusu siku 14, ghafla hanitaki tena nitulie, anataka saini ya mzee kesho asubuhi. Barua ya tume naandika mwenyewe. Swali la mwisho, picha niambatishe tu au aliyepiga lazima aje?

Karani_Mstaafu
Ambatisha, na dada yako aandike kiapo mbele ya kamishna wa viapo, aseme ilikuwa lini, wapi, na alimuona nani kakaa na nani. Asiweke maoni yake. Namba ya kesi iandikwe juu kabisa. Halafu tafuteni kadi ya mwaliko ya hiyo kwanjula, manake picha mtu atasema ni ya zamani, kadi ina tarehe.