Mtafiti akimaliza uzamivu wake, daftari la mashamba yetu libaki kwa nani?

Mkazi wa Lwakhakha:
Wanafunzi wa uzamivu wamekuwa wakipishana huku mpakani mwa Kenya na Uganda, Lwakhakha hadi Busia, na maswali ni yaleyale: babu alifikaje hapa, alinunua kwa nani, mpaka wa shamba unapita wapi, jamaa zako wangapi wako Uganda. Mgeni ana leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoidhinisha utafiti, chifu amempitisha, basi wazee wanafunguka. Baadaye tasnifu inakaa maktaba ya chuo, tena kwa Kiingereza.

Sasa wapo wanaotaka mtafiti alazimishwe kukabidhi madaftari yake kijijini, majina na mipaka humo ndani, yatumike kwenye kesi za ardhi. Mimi napinga. Alichogundua akisome barazani kwa Kiswahili, lakini madaftari yasitoke.

Mpaka wenyewe wa nchi hizi mbili ulichorwa na Waingereza, waliohamishia upande wetu mkoa wa mashariki wa Uganda mwaka 1902. Wateso, Wasamia na Wasabaot wana ndugu pande zote mbili. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hapati ardhi Kenya ila ya kukodi, isiyozidi miaka 99. Mzee anamwambia mtafiti, kwa nia safi, kwamba mtoto wa marehemu kaka yake alizaliwa Tororo. Kifungu cha 14 kinamtambua kijana huyo kuwa raia kama baba au mama ni Mkenya, popote alipozaliwa. Lakini binamu anayemezea mate ekari zake akilipata daftari, kesi ya mirathi inageuka kesi ya uraia.

Na Chepyuk, kule Mlima Elgon, je? Mradi ule wa makazi ulianza 1971. Ugomvi wa nani aingie na nani atoke kwenye awamu ya tatu ulizaa SLDF, kundi la wapiganaji wa Kisabaot, hadi jeshi likaletwa Machi 2008. Orodha ya majina na mashamba si kitu cha kuachwa mezani kwa chifu.

Mwalimu, Kapsokwony:
Ndugu, hofu hiyo ni ya mwenye hati tayari. Asiye na karatasi atashika nini? Mahakama ya Afrika kule Arusha ilipowapa Ogiek, jamii ya msitu wa Mau, haki yao mwaka 2017, ripoti za waliokwenda kuwachunguza zilikuwa sehemu ya ushahidi. Wazee wetu wanakufa na kumbukumbu zao, mzee.

Mkazi wa Lwakhakha:
Ile ilikuwa jamii nzima dhidi ya serikali, mwalimu. Hapo hata mimi ningesema lete. Nazungumzia ekari mbili, ndugu kwa ndugu.

Mama wa Malaba:
Nyote mnabishania maneno ya wanaume. Mtafiti akija anaketishwa chini ya mwembe na wazee, mimi niko jikoni nachemsha chai. Shamba nalilima tangu niolewe, mume akafa, na humo daftarini nimeandikwa "mke wa fulani", kama nimeandikwa. Kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe kwenye mambo ya ardhi. Daftari hilo likifika kortini kama ndio ukweli wa kijiji, nani atamuuliza mtafiti mbona hakunihoji?

Mwalimu, Kapsokwony:
Mama, usipoliona utajuaje umeachwa? Hiyo ni sababu ya kulifungua. Liwekwe kwenye nyaraka za kaunti, hakimu tu ndiye aliombe.

Mkazi wa Lwakhakha:
Na ufunguo atashika nani? Karani wa kaunti naye ana shamba hapahapa, na binamu pia.