Klani mbili mahasimu kuungana: tupeane uzoefu

Assalam alaikum ndugu zangu. Klani yetu, yaani kundi letu la wachezaji wa Free Fire (ule mchezo wa simu wa kupigana risasi), iko Likoni hapa Mombasa, mahasimu wetu wako Kisauni. Miaka mitatu tumetukanana, tumenyang'anyana wachezaji, tumebishana hadi ndani ya feri. Sasa wametuma mtu: tuungane. Sababu yao naielewa. Rumu ya kujifungulia wenyewe, yaani mechi ya faragha ya kualikana, hunoga ikijaa watu 50, na usiku sisi hatuvuki 25, wao vilevile. Mimi nataka, ila waanzilishi wetu hawataki kusikia jina likifutwa. Aliyepitia haya atueleze, na asifiche yaliyoharibika.

Mchangiaji wa Tudor:
Sisi tuliungana na wa Majengo. Usiku wa kwanza rumu ilijaa, raha tupu. Balaa likaja kwenye mashindano. Skwadi ni watu 4; sisi tuna wanne wetu, wao wanne wao. Viongozi wakatoa wawili huku, wawili kule, ili pasiwe na manung'uniko. Wanne hao hawajazoeana hata kuitana: mmoja akipiga kelele yuko juu ya paa, mwenzake anamtafuta chini. Tukatolewa mapema, kisha kila upande ukalaumu mwengine. Skwadi zilizozoeana ziacheni kama zilivyo, kaka.

Mchangiaji wa Changamwe:
Angalieni pesa. Michango yetu ilikaa kwenye simu ya mtu wa upande mmoja. Hakula hata shilingi, lakini wale wengine walikuwa hawaoni hesabu, wakaacha kuchanga.

Mchangiaji wa Mji wa Kale:
Mimi ni msichana. Klani yangu ya kwanza nilikuwa nikiongea kwenye maiki bila wasiwasi. Tulipoungana, kila nikifungua mdomo napigiwa miluzi na kuombwa namba. Nikawa nacheza kimya, na asiyesema hawezi kuwaonya wenzake adui alipo. Tuliondoka wasichana wanne, hakuna aliyetuuliza. Kabla ya kugombania jina, kubalianeni nani atamtoa mwenye kuvunja adabu, hata akiwa ndiye mpigaji wenu bora.

Mchangiaji wa Mtwapa:
Sisi hatukuungana. Kila Ijumaa usiku tunafungua rumu moja, kila klani na jina lake. Mwaka wa pili huu.

Mwanzilishi wa mada:
Ahsanteni sana. Dada wa Mji wa Kale, pole. Jumapili tunakutana na wa Kisauni pale Mama Ngina, na maneno yako nitawasomea yote kabla ya jengine lolote. Ndugu wa Mtwapa, hiyo ya Ijumaa: nani hufungua rumu, mnapokezana?