Saikolojia ya kujifunza na tabia kwa mtandao, nianze na kozi ipi kati ya hizi tatu?

mwl_wa_Moro: Habari zenu wakuu. Mimi mwalimu wa darasa la tatu hapa Morogoro, darasa langu lina watoto zaidi ya sabini, nataka nisome saikolojia ya kujifunza na tabia ila kwa mwendo wangu mwenyewe maana muda naopata ni saa nne usiku wanangu wakishalala. Nimeona tatu: Learning How to Learn ya Barbara Oakley na Terrence Sejnowski kwenye tovuti ya kozi ya Coursera, video za saikolojia za chuo cha MIT cha Marekani anazofundisha John Gabrieli, na kitabu cha bure cha saikolojia cha OpenStax. Natumia simu na bando la wiki. Nishaurini.

binti_Pangani: Mwalimu shikamoo. Ya Oakley nimeimaliza, ni tamu, video fupi fupi na maswali kila baada ya muda. Ila ujue ile inakufundisha WEWE namna ya kujifunza, mambo ya kuahirisha kazi, kumbukumbu, kupumzisha akili. Ukitaka kujua kwa nini mtoto anarudia kosa lilelile kila ukimgombeza, pale hutapata. Cheti unalipia, lakini unaweza kuomba msaada wa ada, unaandika maelezo yako unasubiri wajibu.

Otis_Ksm: Mimi ningesema kitabu kwanza. MIT iko poa sana na ni bure kabisa lakini ni vipindi vya darasani vilivyorekodiwa 2011, virefu, bundles zitaisha kabla hujafika mbali. OpenStax unadownload PDF mara moja unasoma hata bila network. Sura ya 6 ndio hiyo unatafuta, Pavlov na mbwa wake waliojifunza kudondosha mate kwa ishara tu, Skinner wa zawadi na adhabu, Bandura na yule mdoli Bobo wa 1961, watoto walipoiga mtu mzima akimpiga. Na mwisho wa sura kuna maswali.

binti_Pangani: Hapo kwenye Skinner asome taratibu, kiimarishi ni kitu kinachofanya tabia irudiwe, na wengi tunadhani kiimarishi hasi ni adhabu, kumbe sivyo. Mtoto analilia pipi dukani, mama anamnunulia, anyamaze. Mtoto kaimarishwa kwa kupata pipi, na mama naye kaimarishwa kwa kuondolewa kelele, hiyo ya mama ndio hasi, kitu kibaya kimeondoka kwa hiyo kesho atanunua tena. Mimi nilisoma mara tatu ndo ikakaa.

Mzee_Kitabu: Wanangu, hizi kozi za kila mtu na mwendo wake hazikuletwa na intaneti. Mwanasaikolojia Fred Keller, rafiki yake Skinner tangu wakisoma Harvard, alianza na wenzake kule Brasília, Brazil, mwaka 1964, akaandika kuhusu mpango huo 1968. Somo lilikatwa vipande, mwanafunzi anasoma kipande, anafanya jaribio, asipofaulu haendi mbele, anarudia mpaka kieleweke, wala hakuna adhabu ya kurudia. Watu walijifunza vizuri, ila shida iliyojitokeza ndio hii tunayoiona mpaka leo: wengine waliahirisha tu wakaishia njiani. Kwa hiyo mwalimu, usichague kwa jina la chuo, chagua inayokulazimisha kujibu. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima hilo 2006: waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki waliojipima wenyewe ndio walioshinda, na kwa mbali.

Otis_Ksm: Asante mzee, hiyo sikuijua. Basi kitabu, lakini funga simu uandike unachokumbuka ndio ufungue tena.

mwl_wa_Moro: Marahaba binti, na shikamoo mzee, asanteni wote. Nimepakua jana nikafika kwenye habari ya tabia kuzimika, yaani kufifia inapoacha kulipwa, na nimekaa nikawaza sana. Nina mtoto anagonga dawati kwa rula, kila akigonga nageuka namwita jina, darasa zima linamtazama. Wiki iliyopita niliamua nisigeuke, akagonga kwa nguvu zaidi, siku ya pili nikaona haifai nikamwita. Kumbe kile kishindo cha mwanzo kinatarajiwa, tabia hupanda kidogo kabla ya kushuka, na mimi nilimlipa palepale ilipopanda! Leo nimejaribu upya, nimemsifia alipokuwa anaandika ametulia, rula nimeiacha igonge. Naendelea na kitabu, ya Oakley nitaisoma likizo. Kuna mwenye maswali ya sura ya 6 kwa Kiswahili tujipime pamoja usiku?

binti_Pangani: Ninayo ishirini hivi nilijitungia. Nakutumia inbox.